Kabla Tangi la Pikapu Halijashushwa

Katika gari dogo la abiria, fundi anayetaka kuiona pampu ya mafuta huinua kiti cha nyuma, akafungua skrubu chache za kifuniko cha bati, na pampu hiyo hapo. Pikapu haina upendeleo huo. Tangi lake limefungwa kwa mikanda ya chuma ubavuni mwa chesisi, chini ya bodi ya kubebea mizigo, na pampu imekaa juu ya tangi mahali ambapo mkono haufiki. Njia za kuifikia ni mbili: kunyonya mafuta na kushusha tangi, au kufungua boliti za bodi na kuiinua kwa nguvu za vijana kadhaa. Boliti zenyewe mara nyingi zimeshikwa na kutu ya miaka. Kazi hiyo hula nusu siku, na kama hukumu iliyoianzisha ilikuwa ya makosa, nusu siku hiyo imekwenda bure pamoja na bei ya pampu mpya.

Hukumu yenyewe, hata hivyo, hutolewa kwa sekunde chache. Pikapu imegoma kuwaka, stata inazunguka vizuri, fundi anatega sikio karibu na tangi huku mwenzake akifungulia swichi, hasikii mvumo. Basi, pampu imekufa. Mwenye gari anatumwa dukani, iwe Kariakoo, Grogan jijini Nairobi au Kisekka jijini Kampala, na jioni pampu mpya imefungwa. Siku nyingine gari linawaka, siku nyingine haliwaki. Na hata likiwaka, huenda limewaka kwa sababu soketi iliyochomolewa na kuchomekwa upya imepata mguso mzuri kwa wiki mbili tu.

Ukimya wa pampu hauthibitishi kifo chake. Pampu ni mota iliyo mwisho kabisa wa njia ndefu. Umeme huanzia kwenye betri, ukapita fyuzi kuu, swichi ya ufunguo, rilei kuu ya mfumo wa mafuta, fyuzi ya pampu, rilei ya pampu, soketi mbili tatu, na mita kadhaa za waya unaoambaa na chesisi kwenda nyuma. Ukishapita ndani ya mota, lazima urudi kwenye betri kupitia waya wa ethi na chuma cha gari. Juu ya hayo yote kuna kompyuta inayoamua kama rilei ifunge au isifunge, na kompyuta hiyo nayo inasubiri taarifa ya sensa. Popote njia hiyo ikikatika, dalili anayoiona dereva ni ileile. Kwa sababu hiyo pampu haipaswi kuhukumiwa mpaka umeme upimwe kwenye pini zake mbili, wakati pampu yenyewe inatakiwa kufanya kazi.

Hayo yanahusu pikapu za petroli zenye nozeli za umeme. Hilux za zamani za kabureta zilikuwa na pampu ya kimakanika ubavuni mwa injini, isiyohitaji umeme hata kidogo. Hilux za dizeli za injini 2L, 3L na 5L, ambazo bado zinabeba ndizi, mkaa na watu vijijini, hazina pampu ya umeme tangini. Pampu yake ya nozeli huvuta dizeli yenyewe. Kinachotegemea umeme hapo ni solenoidi ndogo ya kukata mafuta iliyofungwa juu ya pampu ya nozeli: ikipata volti 12 mafuta yanapita, ikikosa injini inazima papo hapo. Mwenye gari la namna hiyo akiambiwa kwamba pampu ya tangini imeungua, akatae na aombe solenoidi na waya wake upimwe.

Katika Hilux za petroli zenye injini kama 2RZ-FE, 3RZ-FE na 2TR-FE, pampu imezama ndani ya tangi. Ni mota ya volti 12 yenye amecha na brashi za kaboni, na petroli inapita katikati yake, ikiipoza na kuilainisha. Wengi hushangaa kwamba cheche za brashi haziwashi mafuta. Sababu ni kwamba ndani ya pampu kuna petroli tupu, bila hewa ya kutosha kuiunguza. Kazi yake ni kuweka presha ya takriban bar 3 kwenye reli ya nozeli, na kwa kazi hiyo pampu ya aina hii kwa kawaida hula ampea kati ya 4 na 8. Namba hiyo ya ampea ikumbukwe, maana ndiyo inayotenganisha upimaji wa kweli na upimaji wa kujidanganya.

Udhaifu wa kutega sikio unaonekana kwanza katika jinsi watengenezaji walivyotofautiana. Katika mfumo ambao Toyota iliutumia kwa miaka mingi, rilei ya pampu haifungi kwa kufunguliwa swichi peke yake. Hufunga stata inapozunguka, na huendelea kufunga pale tu kompyuta inapopata ishara kwamba injini inazunguka. Lengo ni usalama: gari likipata ajali na injini ikazima, pampu nayo inyamaze, isiendelee kumwaga petroli kutoka kwenye bomba lililopasuka. Fundi anayefungulia swichi bila kupiga stata, akakosa mvumo katika Toyota ya aina hiyo, hajagundua lolote. General Motors walichagua vingine: swichi ikifunguliwa, kompyuta huendesha pampu kwa takriban sekunde 2 ili kujaza presha, kisha huizima mpaka injini izunguke. Nissan nayo huivumisha kwa muda mfupi. Fundi aliyejifunza kazi kwenye Nissan Hardbody ya petroli, akahamia kwenye Hilux bila kuijua tofauti hii, ataihukumu pampu nzima kwa dhamiri safi kabisa.

Toyota hiyohiyo, lakini, ilimwachia fundi njia rahisi ya kujua ukweli. Ndani ya boneti ya Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna kisanduku cha uchunguzi chenye matundu yaliyoandikwa FP na +B. Swichi ikiwa imefunguliwa, kipande cha waya kikiunganisha matundu hayo mawili, umeme unaiendea pampu bila kusubiri uamuzi wa rilei wala wa kompyuta. Pampu ikivuma, mota na waya wa kwenda nyuma vinafanya kazi, na tatizo linatafutwa mbele. Isipovuma, tatizo liko kati ya kisanduku na tangi. Jaribio la dakika moja limeigawa njia nzima mara mbili, na hakuna boliti iliyoguswa.

Pikapu isiyo na kisanduku hicho hupimwa kwa kuchomoa rilei. Katika rilei za kawaida, pini 85 na 86 ni za koili, na 30 na 87 ndizo zinazopitisha umeme mkubwa. Za Toyota nyingi zimeandikwa 1 na 2 kwa koili, 3 na 5 kwa umeme mkubwa. Waya wenye fyuzi yake ukiunganisha matundu ya umeme mkubwa, pampu inapaswa kuvuma. Kisha koili inapimwa upande wake: je, inapata volti 12? Je, kompyuta inaipa ethi stata inapopigwa? Rilei isiyopewa amri haina kosa lolote, na kubadilisha rilei tatu mfululizo hakutaifanya kompyuta itoe amri isiyotaka kuitoa.

Kompyuta hunyima amri kwa sababu zake. Kubwa kati ya hizo ni sensa ya krenki, au kichukuzi cha ndani ya distribyuta katika injini za zamani, inapoacha kutuma ishara. Bila ishara hiyo kompyuta haijui kwamba injini inazunguka, kwa hiyo haiendeshi pampu, haifungui nozeli na haitoi moto wa plagi. Hapa pana swali la bei rahisi kuliko yote: je, plagi zinatoa moto? Zikitoa moto na mafuta hayaji, uchunguzi uelekee kwenye pampu na njia yake. Vikikosekana vyote viwili kwa pamoja, pampu iachwe ipumzike na sensa ipimwe. Mashine ya kusoma hitilafu huenda ikaonyesha msimbo P0335. Taa ya imobilaiza inayopepesa dashibodini wakati wa kupiga stata ni ushahidi wa aina hiyohiyo: gari halikuutambua ufunguo, na limekataa kwa hiari yake.

Kisa kinachofundisha kuliko vyote kuhusu dalili za kupotosha kimo katika pikapu za Chevrolet na GMC zilizouzwa Marekani kuanzia 1987 hadi 1995 zikiwa na mfumo wa kupulizia mafuta kwenye koo la hewa. Wahandisi waliweka njia mbili za kuipa pampu umeme. Ya kwanza ni rilei. Ya pili ni swichi ya presha ya oili: injini ikishazunguka na oili ikapata presha kidogo, swichi hiyo hufunga na kuipa pampu umeme hata kama rilei imekufa. Ilikuwa hisani kwa dereva, asikwame njiani. Matokeo yake ni kwamba rilei inapokufa, pikapu haigomi. Asubuhi inahitaji stata ndefu, sekunde nyingi za kuzungusha, hadi oili ipande, kisha inawaka na kutembea siku nzima bila tatizo. Mwenye gari analaumu betri, anabadilisha stata, mwishowe anashusha tangi na kuweka pampu mpya, na asubuhi inayofuata hali ni ileile. Kosa lilikuwa kwenye rilei ya bei ndogo iliyo ndani ya boneti. Hakuna sikio ambalo lingeligundua hilo. Fundi aliyeujua mchoro wa nyaya angeligundua kabla chai haijapoa.

Hatua inayofuata ndiyo inayoharibiwa mara nyingi zaidi, tena na watu wenye mita mkononi. Soketi ya pampu inachomolewa, mita inachomekwa kwenye matundu yake, inasoma volti 12.4. Fundi anasema umeme upo, kwa hiyo pampu imekufa. Kumbe mita ya kisasa ina ukinzani wa ndani wa takriban omu milioni 10. Mkondo inaouvuta ni mdogo mno. Waya uliooza ukabakiwa na uzi mmoja wa shaba utaionyesha mita volti zote 12.4, kama kamba iliyooza inavyoonekana nzima ikining'inia ukutani mpaka siku ya kufungwa ng'ombe. Pampu haiombi volti za kuonyesha. Inaomba ampea 6 zipite.

Hesabu yake ni fupi. Soketi yenye kutu ikiwa na ukinzani wa omu 0.5 tu, kiasi ambacho mafundi wengi hawawezi kukitambua kwa kupima ukinzani, ampea 6 zikipita hapo zinapoteza volti 3. Pampu iliyotakiwa kupata 12 inapata 9. Inazunguka polepole, presha inashuka, pikapu inakwenda vizuri kwenye tambarare na kukosa pumzi mlimani ikiwa na mzigo. Na zile volti 3 hazipotei hivi hivi: 3 mara 6 ni wati 18 za joto, zinazomiminwa ndani ya soketi ndogo ya plastiki. Plastiki inalainika, pini inalegea, ukinzani unaongezeka, joto linaongezeka tena. Soketi zilizobabuka juu ya matangi ya pikapu za Chevrolet Silverado zinajulikana sana Marekani, kiasi kwamba pampu nyingi za kubadilishia za pikapu hizo huuzwa zikiwa na soketi mpya na vipande vya waya. Anayefunga pampu mpya kwenye soketi ileile iliyoungua amebadilisha kilichoumizwa, akakiacha kilichoumiza.

Kwa hiyo kipimo sahihi ni cha umeme unaofanya kazi. Soketi ibaki imechomekwa, ncha za mita zipenyezwe kwa nyuma ya soketi kugusa waya wa umeme na waya wa ethi, kisha stata ipigwe au rilei iunganishwe ili pampu idai mkondo wake. Kama pampu yenyewe haidai chochote, balbu ya taa ya mbele inaweza kuchukua nafasi yake: uzi wa wati 55 wa balbu ya H4 huvuta karibu ampea 4.6, mzigo unaokaribiana na wa pampu. Balbu ikiwaka kwa ung'avu wake kamili kwenye soketi ya tangini, njia ya umeme ni nzima. Ikiwaka nyekundu na hafifu, njia imechoka, hata kama mita ilisoma volti 12 dakika moja kabla. Balbu hiyo hupatikana katika kila gereji, mara nyingi imetupwa pembeni kwa sababu uzi wake mmoja umekatika na wa pili ungali mzima. Vitesta vya taa ndogo za LED havifai kwa kazi hii, kwa kuwa navyo havivuti mkondo.

Mipaka inayokubalika si migumu kukumbuka. Kati ya betri na pini ya umeme ya pampu kusipotee zaidi ya volti 0.5 wakati pampu inavuma. Upande wa ethi uwe chini zaidi, volti 0.2 au pungufu, ukipimwa kutoka tamino hasi ya betri hadi pini ya ethi ya pampu. Wanaopima upande wa ethi ni wachache sana, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwani ndiko pikapu inakougua zaidi. Waya wa ethi wa pampu kwa kawaida hufungwa kwa skrubu moja kwenye chesisi, mahali panaporushiwa maji na tope na kila tairi. Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani adui ni chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki ni hewa ya bahari, na kwa pikapu zinazobeba samaki ni maji ya barafu yenye chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye bodi moja kwa moja hadi kwenye chesisi na soketi. Kutu ya kijani huingia ndani ya waya ikapanda chini ya ngozi yake, isionekane mpaka ukatwe. Dawa yake ni kukwangua chuma mpaka king'ae, kufunga pini mpya, kupaka grisi, na ikibidi kuvuta waya mpya wa ethi wa unene unaostahili. Gharama yake hailingani hata kidogo na ya pampu.

Hitilafu zinazokuja na kuondoka zinahitaji uvumilivu zaidi. Gari linazima baada ya saa moja barabarani, linasimama kivulini dakika 20, linawaka tena. Likifikishwa gereji ni zima. Hapo kupima gari lililopoa hakusaidii. Mafundi makini huunganisha nyaya mbili ndefu kwenye soketi ya pampu, wakazipitisha hadi ndani ya kabini, wakaifunga mita dashibodini na kwenda nalo barabarani. Likizima, jibu liko kwenye kioo. Kama volti zilibaki 13 na ushei, pampu ilikufa ikiwa na umeme, na sasa inastahili hukumu. Kama volti zilianguka, pampu haihusiki; mita inasogezwa mbele, kwenye rilei, na safari inarudiwa. Mara nyingi kinachopatikana ni rilei yenye risasi iliyopasuka ndani, inayoachana ikipata joto na kushikana ikipoa.

Magari mapya yameongeza ugumu wa aina yake. Watengenezaji hawataki tena pampu izunguke kwa nguvu zote muda wote, kwa hiyo wameweka vifaa vya kuipunguza mwendo. Baadhi ya Toyota hupitisha umeme kwenye rezista injini inapokuwa na kazi ndogo. Ford, kwenye F-150, na General Motors katika Silverado za karibuni hutumia kisanduku cha elektroniki kinachokatakata umeme mara nyingi kwa sekunde. Fundi akipima hapo akakuta volti 8 injini ikiwa sailensa, asikimbilie kukata waya. Huenda ndivyo gari lilivyopangwa. Kisanduku chenyewe, nacho, ni kitu kipya cha kuharibika. Katika F-150 za 2004 hadi 2008 kilifungwa kwenye chesisi nyuma, juu ya tairi la akiba, mgongo wake wa alumini ukigusana na chuma. Metali mbili tofauti, maji na chumvi kati yake: alumini ililika, maji yakaingia ndani, na pikapu nyingi zikazima zikiwa na pampu nzima tangini. Visanduku vya kubadilishia vilikuja na vikalio vya kuvitenga na chesisi.

Chrysler nayo ilificha rilei ya pampu ndani ya kisanduku kikuu cha umeme, ikiwa imechomelewa, isiyochomoka kwa mkono. Mwaka 2014 kampuni hiyo iliyaita magari yake ya Jeep Grand Cherokee na Dodge Durango ya 2011 kwa sababu ya rilei hiyo, na suluhisho lilikuwa kuweka rilei mpya nje ya kisanduku. Visanduku vya familia hiyohiyo vilifungwa pia katika pikapu za Ram. Kurudisha rilei mahali ambapo fundi anaweza kuichomoa ulikuwa uamuzi wa busara, na ingefaa usingojee hitilafu.

Afrika Mashariki ina chanzo chake cha hitilafu ambacho hakimo katika mchoro wowote wa kiwandani. Ni waya uliokatwa makusudi. Kengele ya wizi, swichi ya siri chini ya dashibodi, kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa kwa ajili ya bima au mkopo: vingi kati ya hivyo huzuia wizi kwa kukata umeme wa pampu, na aliyevifunga alikata waya wa kiwandani, akasokota ncha kwa mkono na kuzifunga kwa utepe. Rilei yake ndogo inaning'inia nyuma ya dashibodi, ikitikiswa na barabara ya vumbi. Nchini Kenya kuna pia vidhibiti mwendo, ambavyo magari ya abiria yalilazimishwa kufungiwa vikiwa na kikomo cha kilomita 80 kwa saa tangu Februari 2004, chini ya kanuni zilizopewa jina la Waziri John Michuki. Katika gari la petroli kifaa cha namna hiyo kinaweza kuunganishwa kwenye umeme wa mafuta. Kwa pikapu iliyopita mikononi mwa wamiliki wanne, vifaa viwili au vitatu vya namna hii vinaweza kuwa vimerundikana kwenye waya mmoja, vya zamani havifanyi kazi tena lakini maungio yake yamebaki. Uchunguzi wa pampu katika gari kama hilo uanzie chini ya usukani, kwa kutafuta kila ungio ambalo halikutoka kiwandani.

Fyuzi nayo ina la kusema. Ya pampu kwa kawaida ni ya ampea 15 au 20, rangi ya buluu au ya njano. Ikiungua mara moja huenda ni uchovu wake; ikiungua mara ya pili inatoa taarifa: ama waya umechubuka na unagusa chesisi, ama pampu imeanza kukwama na kula mkondo mwingi. Kuweka ya ampea 30, au kuziba kwa kipande cha waya, ni kuhamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye waya unaopita juu ya tangi la petroli. Hilo si suala la ufundi bali la uhai. Vivyo hivyo mazoea ya kumwagia petroli kwenye mdomo wa hewa ili kujua kama gari linakosa mafuta: petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na injini ikitema moto kwa juu, anayeungua ni aliyeshika chupa. Geji ya presha kwenye reli ya nozeli inatoa jibu hilohilo bila kumweka mtu hatarini.

Pampu, kwa kweli, hufa. Brashi zake huisha, na hapo ndipo ule mtindo wa kupiga tangi kwa nyundo ya mpira huiamsha kwa siku chache. Mtikisiko unazigusanisha brashi na amecha. Pampu iliyopata volti kamili na ethi safi, ikakataa kuzunguka, imekufa, na hakuna wa kuitetea. Vitabu vya Toyota hutaja ukinzani kati ya omu 0.2 na 3.0 kwa pampu ikiwa kwenye nyuzi 20, na huonya kwamba kuipima kwa kuiunganisha na betri nje ya tangi kusizidi sekunde 10, isije ikaungua kwa kukosa mafuta ya kuipoza. Klampu ya kupimia ampea husema mengi zaidi: ampea sifuri na volti zipo, brashi zimeachana; ampea nyingi kupita kiasi, uchafu umeikwamisha; ampea chache na presha hafifu, imelika au inavuta hewa. Na mara chache kosa linaonekana la umeme kumbe la plastiki. Mwaka 2020 Toyota ilianza kuyaita mamilioni ya magari, zikiwemo pikapu za Tacoma na Tundra, kwa sababu feni ya plastiki ndani ya pampu zilizotengenezwa na Denso ilikuwa ikipasuka, ikinyonya mafuta na kuvimba mpaka ikakwama. Hapo umeme ulikuwa sahihi tangu mwanzo hadi mwisho.

Kinachoipeleka pampu kifoni mapema ni pamoja na desturi ya kununua mafuta ya kusogelea tu. Tangi linalokaa karibu na sifuri mwaka mzima huinyima pampu ubaridi, na kila kona huifanya ivute hewa na mashapo ya chini. Chujio la mafuta lililoziba huiongezea mzigo. Anayefunga pampu mpya bila kusafisha tangi na kubadilisha chujio anaianzishia ya pili safari ya ya kwanza.

Kwa nini basi kubahatisha kunaendelea, ilhali mita ya kawaida na balbu ya H4 vinapatikana kila mji? Sababu kubwa ni jinsi kazi inavyolipwa. Mteja hulipia kitu kinachoonekana: pampu mpya ndani ya boksi na saa nne za jasho chini ya gari. Fundi aliyetumia saa moja kupima, akakuta skrubu ya ethi imeota kutu, akaikwangua na kuikaza, huulizwa anadai nini wakati hakufunga spea yoyote. Katika soko la namna hiyo fundi mwenye akili hujifunza haraka kwamba kujua hakulipi. Pia vipo vyuo, kama vya VETA nchini Tanzania, vinavyofundisha umeme wa magari, lakini kijana akitoka huko akaingia gereji ambako hakuna mchoro wa nyaya hata mmoja, elimu yake inakosa pa kushika. Lawama, kwa hiyo, haiwezi kuishia kwa fundi. Mwenye pikapu anayekataa kulipia upimaji amechagua kulipia ubahatishaji, ambao ni ghali zaidi.

Kabla ya kuruhusu tangi lishushwe, mwenye gari amwombe fundi wake namba mbili zilizoandikwa kwenye karatasi: volti zilizofika kwenye pini za pampu wakati ikitakiwa kufanya kazi, na volti zilizopotea upande wa ethi. Alipie muda wa kuzipata. Fundi asiyeweza kuzitoa hajafika mahali pa kusema kwamba pampu imekufa, na pikapu isiguswe boliti hata moja mpaka zipatikane.